Kikao Namba Themanini na Saba

Tarehe thelathini, saa nne kasorobo, Chumbageni.
Foleni ya ankara za maji imeshuka hadi ngazini,
baiskeli zimeegemeana ukutani, moja juu ya nyingine.
Zuhura wa dirisha la tatu anabofya, anasubiri, anabofya.
"Da Mwanaidi, mtandao umekufa?"
Haujafa. Laiti ungekufa,
ningemlaumu mtu wa mtandao.

Seva imetulia. Prosesa asilimia nne,
kama ofisi siku ya Idi.
Diski hazitafuti kitu, kumbukumbu ipo tele.
Hakuna anayefanya kazi na hakuna aliyemaliza:
ugonjwa usio na homa.
Homa ningeipoza.

Naiuliza hifadhidata. Nani yumo? Anangoja nini? Anamngoja nani?
Majibu yanashuka: vikao arobaini na kimoja,
na vyote vinataka ile programu tuliyoihifadhi humo humo ndani,
KOKOTOA_ANKARA, mistari mia sita,
inayojua bei ya uniti na faini ya mchelewaji.
Majedwali ya wateja yako wazi, hayana hata komeo.
Kufuli liko kwenye msimbo wenyewe.

Nasoma safu ya mwisho, ya anayezuia.
Arobaini na kimoja, na mzuiaji mmoja:
mia mbili na kumi na mbili.
Namtafuta. Ameingia saa tatu na dakika thelathini na moja.
Mashine: chumba cha seva.
Jina: Mwanaidi.

Kikulacho. Nikapapasa nguo yangu.
Ni kweli, asubuhi nilibadili kiwango cha faini,
nikaamuru msimbo ujengwe upya, nikaenda kuchukua chai.
Nilidhani umekwisha. Kumbe haujaanza.
Ajengaye upya hutaka nyumba tupu,
na akishasimama mlangoni kungoja wapangaji watoke
hakuna mgeni anayempita.
Basi kizibo ni mimi,
ila kizibo nacho kina anayemngoja.

Themanini na saba.
Singano. Tangu Ijumaa, saa kumi na dakika tano.
Alikuwa akiupima msimbo hatua kwa hatua,
akausimamisha mstari wa mia tatu na kumi na nane,
akitazama kigeugeu kimoja kinavyogeuka,
ndipo simu ikalia toka Mkuzi: mama amezidiwa.
Alizima skrini. Kikao hakukifunga.

Amri ni fupi, neno moja na namba,
na neno lenyewe hapa tunalitamka tukitafuna karanga:
ua. Ua kikao. Siku nyingine tunaua hata kumi.
Bwana Mhina yuko nyuma ya kiti changu: "Si uue tu!"
Dirishani, mama mfua nguo wa Makorora
ameinua noti juu ya vichwa.
Amekatiwa tangu jana,
mashuka ya gesti yamelala kwenye povu.

Nikampigia Singano.
Nilisikia makoleo kabla ya sauti.
"Pole, kaka. Kuna kikao chako hapa…"
"Mia tatu na kumi na nane," akasema.
Akanyamaza. Mtu akakohoa karibu naye.
"Nilikuwa nimeshakaribia. Faini inajumlishwa mara mbili
kwa anayelipa siku ya mwisho. Andika, nisije nikasahau."
Nikaandika nyuma ya risiti.
"Sasa… nikiondoe?"
Lile neno jingine lilikuwa mdomoni, nikalimeza.
"Kiondoe tu, dada. Ndiyo tunamshusha mama."

Nikabonyeza.
Themanini na saba hakipo.
Changu kikapita, kikajenga, kikatoka,
na arobaini na kimoja wakamwagika ndani kwa pamoja.
Printa zikaanza kukereza.
"Mtandao umerudi!" Zuhura akapiga kofi.
Sikumsahihisha.

Chai ilikuwa imepoa. Nikaigeuza risiti, nikasoma mwandiko wangu.
Siku ya mwisho.
Nikatazama kalenda, kisha dirisha la tatu:
noti haikuwa tena juu ya vichwa.
Nikateremka ngazi nikiwapenya watu, kiatu kimoja kikinivuka,
nikamkuta anafungua kufuli la baiskeli.
"Mama, ngoja kidogo. Ngoja nione risiti yako."